Mizani ya DNA na Uvimbe wa Taya

Mwaka 1961 daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliingia garini na wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson. Walisafiri kama kilomita 16,000 kuelekea kusini, kila hospitali swali ni lile lile: mmeona watoto wenye uvimbe huu wa taya? Ramani waliyorudi nayo ilifuata joto, mvua na malaria. Nyanda za juu zenye baridi hazimo. Watu wa Wema, pale Mto Tana unapokaribia bahari, hawahitaji kuelezwa hali hiyo. Wanaishi ndani yake.

Leo ugonjwa huo unaitwa limfoma ya Burkitt. Maabara nazo zikauliza lao: seli yake ina DNA kiasi gani? Seli ya kawaida ya binadamu ina takriban pikogramu 6.6.

Njia ya kwanza ilitokana na rangi ya Robert Feulgen, ya mwaka 1924. DNA hushika rangi, kisha kiini kimoja kimoja hupimwa kwenye hadubini kwa mwanga kinaouzuia. Kazi ya polepole, ila mpimaji anaiona seli anayoipima. Njia ya pili hupitisha seli kwa foleni mbele ya leza, maelfu kwa dakika chache. Ina kasi, lakini nzima na mbovu zote zinapita pamoja. Tena ilitaka nyama mbichi, mpaka David Hedley na wenzake walipoonyesha mwaka 1983 kwamba hata vipande vilivyohifadhiwa kwenye nta vinapimika. Tatizo ni kwamba kisu kikipita hukata viini vingine, na hesabu huyumba.

Sasa ajabu yenyewe: katika limfoma ya Burkitt, mara nyingi kiasi cha DNA kinakaribia kile cha kawaida. Mashine huonyesha zaidi wingi wa seli zilizo mbioni kujigawa. Kasoro ilionekana kwa kutazama kromosomu. Mwaka 1972 Manolov na Manolova waliona kipande cha ziada kwenye kromosomu ya 14. Mwaka 1976 ikajulikana kimetoka kwenye ya 8. Mali ni ile ile, imehamishwa nyumba tu. Mizani haiwezi kuliona hilo.

Uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na dawa za kuutibu zilianza kutumika tangu miaka ya 1960. Kwa mtoto wa Wema, basi, njia yoyote ya kupima inaanza na barabara ya Garsen: kipande kifike maabara mapema, na jibu lirudi angali na nguvu za kutibiwa.