Ujira au Kipawa? Habari za Augustino wa Hippo



Wakristo hufundishwa ya kuwa wokovu ni kipawa cha Mungu, wala si ujira wa kazi ya mtu. Wengi hudhani mabishano juu ya neno hili yalianzia Ujerumani, kwa Martin Luther, mwaka 1517. Lakini Luther mwenyewe alikuwa mtawa wa shirika lililoitwa kwa jina la Augustino, na Augustino alikuwa mtu wa bara letu hili la Afrika.

Alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ulio katika nchi iitwayo leo Algeria. Alikuwa mwalimu, akafundisha usemaji Kartago, kisha Rumi, kisha Milano. Katika kitabu chake cha Maungamo asimulia jinsi yeye na wenzake, alipokuwa na umri wa miaka 16, walivyoiba matunda ya jirani usiku. Hawakuwa na njaa. Mengi waliwatupia nguruwe. Hata alipokuwa askofu jambo hilo lilimsumbua, kwa kuwa aliona ya kwamba alipenda wizi wenyewe, na moyo wa namna hiyo hauwezi kujiponya. Akabatizwa mwaka 387, akarudi Afrika, akawa askofu wa Hippo, mji uitwao leo Annaba. Katika kitabu kile alimwomba Mungu ampe nguvu ya kutii, kisha amwamuru apendavyo.

Ombi hilo lilimchukiza Pelagio. Huyu alitoka Britania, akakaa Rumi, wala hakuwa mtu mbaya. Aliwaona Wakristo wa mji ule wakiishi ovyo, akahofu ya kuwa maneno kama hayo yatawapa udhuru. Alifundisha ya kuwa Mungu hamwamuru mtu asiloliweza. Basi mtu na ajitahidi. Rumi ilipotekwa na Wagothi mwaka 410, watu wengi walikimbilia Afrika. Pelagio naye alipita huko, akaenda zake Palestina, lakini mafundisho yake yalibaki Kartago. Augustino aliyapinga kwa miaka mingi, akisema ya kuwa kama mtu aweza kujiokoa, hana haja ya Mwokozi. Mwaka 418 maaskofu zaidi ya 200 walikutana Kartago, wakayakataa.

Hata hivyo, swali lililo gumu kuliko yote lilitoka kwa watawa wa Hadrumetum, mji uitwao leo Sousse, katika nchi ya Tunisia. Mmoja wao, jina lake Florus, alikuwa safarini, akaona waraka wa Augustino juu ya neema, akaunakili, akawapelekea wenzake. Waliposomewa wakagombana. Baadhi yao wakasema, ikiwa yote ni kipawa cha Mungu, basi mkubwa wetu asitukaripie tukikosa. Na atuombee tu!

Mimi niliyefundisha vijana miaka mingi nayajua maneno hayo. Asiyefanya hesabu zake hakosi hoja. Lakini hoja yao si ya kuchekwa. Kama sikukipata kwa kazi yangu, nifanye kazi kwa nini?

Valentinus, mkubwa wao, alimpeleka Florus kwa askofu. Augustino alikuwa mzee wa miaka 70 na zaidi, naye aliandika vitabu viwili kwa ajili ya nyumba ile moja ya watawa. Aliwaambia ya kuwa mtu atendaye mema hutaka na kutenda yeye mwenyewe, ila Mungu ndiye amwamshaye hata akataka. Na karipio lenyewe laweza kuwa njia ya kipawa kumfikia mtu. Naye asiyetaka kukaripiwa, na akaripiwe kwa sababu iyo hiyo.

Mwaka 430 Wavandali waliuzingira mji wa Hippo, na Augustino akashikwa na homa. Rafiki yake Possidius, aliyeandika habari za maisha yake, asema ya kuwa mzee aliamuru zaburi za toba ziandikwe na kuwekwa ukutani mbele ya kitanda chake. Akawa akizisoma pale alipolala, huku akilia, mpaka alipokufa.