Daktari Gregg na Watoto Wasioona

Msomaji, zamani mtoto akizaliwa na kilema wengi walidhani amerogwa. Na mabingwa wengi wa Ulaya wakadai ni urithi tu. Mwaka 1941 Norman Gregg, daktari wa macho mjini Sydney, alistaajabu kuletewa watoto wachanga wengi wenye mtoto wa jicho, maradhi tuyajuayo kwa wazee. Akawahoji mama zao. Kati ya watoto 78, mama wa watoto 68 walikuwa wameugua rubela walipokuwa waja wazito, wengi katika miezi ya mwanzo. Kijihoma cha vipele vya siku tatu! Lakini ndiyo miezi ambayo macho, masikio na moyo huumbwa, na virusi hupenya kondo la nyuma. Wengine hawakumsadiki. Chanjo ilipatikana mwaka 1969. Kenya ilianza kuitoa mwaka 2016.