Si Itifaki, Wala Si Uchochezi

Kijitabu cha wagonjwa kinachosomwa hapa Lushoto kimeandika "itifaki ya uchochezi wa ovari", kikimaanisha mpangilio wa sindano za homoni kwa mwanamke anayetafuta mtoto kwa kurutubisha mayai maabara. Ovari sina ugomvi nayo. Mengine mawili yamekaa pasipo pake.

Itifaki shina lake ni la Kiarabu, ndilo lililotupa pia afiki na muafaka. Kwa hiyo ni jambo ambalo pande mbili au zaidi zimekubaliana. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ya haki za wanawake Afrika, ni itifaki kwelikweli: nchi zilijadiliana, zikaafikiana, zikatia saini. Jukwaani nako husemwa "itifaki imezingatiwa", kwa kuchunga vyeo vya waliohudhuria. Hata neno la Kigiriki walilorithi Wazungu lilikuwa la makarani: ukurasa wa kwanza uliogundishwa kwenye gombo la mafunjo. Maana zote hizo hazimgusi mwanamke anayechomwa sindano kila siku kwa saa zilizopangwa. Hiyo ni ratiba.

Uchochezi ndio mbaya zaidi. Huchochewa moto na fitina. Watu hushtakiwa kwa uchochezi. Nilipopendekeza kukomaza, kamati moja ilinijibu kwamba hilo ni neno la shambani. Ni la shambani, na hiyo ndiyo sifa yake. Mkulima wa Soni anajua parachichi hukomaa mtini na huiva likishachumwa. Hachanganyi kukua, kukomaa na kuiva. Kupevusha nako kumekwisha kuzoeleka kwa yai kutoka kwenye ovari, na katika tiba hii dawa nyingine hutolewa ili lisitoke mapema. Homoni za awali hukuza vifuko kadhaa vya mayai badala ya kimoja cha kila mwezi. Sindano ya mwisho huyakomaza, nayo huvunwa saa 34 hadi 36 baadaye. Na wanaoiita kazi yote "upandikizaji" wakumbuke kwamba kukomaza ni hatua nyingine: Louise Brown, mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1978, alipandikizwa bila hatua hiyo, maana alitokana na yai lililokomaa lenyewe.

Mfano wa matumizi: ratiba ndefu huanza mzunguko uliotangulia, kwa dawa ya kutuliza homoni za mwili; ratiba fupi huanza siku ya 2 au 3 ya hedhi.

Mwanamke anayeteremka Mombo kupanda basi la Dar es Salaam anastahili karatasi anayoielewa. Nawaomba wahariri wa vijitabu vya hospitali wafute itifaki na uchochezi, waandike ratiba ya kukomaza mayai.