Mbunge wa Yatta na Njama ya Mwaka 1971

Mwezi wa Juni, mwaka 1971, mahakama nchini Kenya ilimhukumu Bwana Gideon Mutiso, Mbunge wa Yatta, kifungo cha miaka 9 na nusu. Kosa lake lilikuwa uchochezi: alishiriki katika njama ya kuipindua Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta. Wenzake kadhaa nao walifungwa.

Hofu ya Serikali haikuwa ya bure. Mwezi wa Januari, mwaka 1964, askari walikuwa wameasi Tanganyika, kisha Uganda, kisha Kenya, katika muda wa siku chache tu. Na tarehe 25 Januari, 1971, Idi Amin aliiangusha Serikali ya Dakta Milton Obote nchini Uganda. Nairobi ilikuwa imeona kwa jirani jinsi bunduki inavyoweza kugeuzwa dhidi ya wale iliyowekwa kuwalinda.

Hata hivyo, Bwana Mutiso hakuondolewa Bungeni na kikosi cha askari. Alishitakiwa kwa uchochezi, wala si kwa uhaini ambao adhabu yake ni kifo. Katiba ya Kenya ya wakati ule ilieleza kwamba Mbunge aliyehukumiwa kifungo kinachozidi miezi 6 hupoteza kiti chake. Hivyo hukumu ya mahakama ndiyo iliyomvua ubunge.

Mbunge anazo silaha zake halali, nazo ni swali, hoja na kura. Ni kweli kwamba nchini Kenya uwanja wa silaha hizo ulikuwa umefinywa, kwani chama cha upinzani cha KPU kilipigwa marufuku mwaka 1969. Lakini mtu aliyepewa dhamana kwa kura za raia, akienda kuitafuta Serikali nyingine gizani, huwa ameikana kura ile ile iliyompa kiti.

Kesi hiyo iliacha pia jambo la kutafakari. Majina mawili makubwa yalitajwa mahakamani: Meja Jenerali Joseph Ndolo, Mkuu wa Majeshi, na Bwana Kitili Mwendwa, Mwafrika wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa Kenya. Wote wawili walijiuzulu mwaka ule ule, na hakuna hata mmoja wao aliyefikishwa kizimbani. Mbunge aliondoka kwa hukumu. Jenerali na Jaji waliondoka kwa kutajwa. Aliyehukumiwa anajua kosa lake, na taifa linalijua. Aliyetajwa tu hubaki na tuhuma isiyothibitishwa wala kufutwa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeongeza hadhari katika jambo hili. Mwanasiasa aliyefungwa hapotezi sifa ya kuwa Mbunge mpaka nafasi zote za rufani zimekwisha.

Kwa askari wa jeshi na polisi, historia hii ina maana ya pekee. Mpelelezi anayekusanya ushahidi kwa uaminifu, na mlinzi anayemfikisha mshitakiwa mahakamani akiwa salama, wanailinda Serikali kuliko kifaru kilichoegeshwa mbele ya Bunge. Kiongozi anaweza kuondolewa madarakani, na pengine inapasa aondolewe. Lakini mlango wa kumtolea ni ule uliofunguliwa na sheria, na kazi ya askari ni kuulinda mlango huo, si kuuvunja.