Ujuzi wa taarifa katika maktaba za vyuo vikuu

Ujuzi wa taarifa (huitwa pia umilisi wa habari) ni uwezo wa kutambua ni taarifa gani inahitajika, kuitafuta, kuipima na kuitumia kwa njia halali. Vyuoni, wanafunzi wa shahada ya kwanza hufundishwa ujuzi huo hasa na wakutubi wakishirikiana na wahadhiri. Jina lenyewe lilitumiwa na Mmarekani Paul Zurkowski mwaka 1974 katika ripoti kwa tume ya taifa ya maktaba, ingawa yeye alikuwa akiwafikiria zaidi watu walioko kazini.

Historia

Mafundisho yenyewe ni ya zamani kuliko jina lake. Kwa muda mrefu yalikuwa ziara tu: wanafunzi wa mwaka wa kwanza walizungushwa, wakaonyeshwa katalogi, rafu na meza ya kuazimia vitabu, kisha wakaachwa. Walipopewa kazi ya kuandika miezi kadhaa baadaye, walikuwa wameshasahau.

Kuanzia mwaka 1960 Patricia Knapp alifanya jaribio katika Chuo cha Monteith mjini Detroit, Marekani, ambapo kazi za maktaba ziliwekwa ndani ya masomo ya kawaida. Katika miaka hiyohiyo Evan Farber, mkutubi wa Chuo cha Earlham jimboni Indiana, alianza kuingia madarasani wakati ambapo wanafunzi wamekwisha kupewa mada. Utaratibu huo ndio unaofaa zaidi mpaka leo, kwa sababu mtu hujifunza kutafuta anapokuwa na kitu cha kutafuta. Hata hivyo unahitaji mhadhiri aliye tayari kugawana kipindi chake, na hapo ndipo mipango mingi hukwama.

Hofu ya maktaba

Mwaka 1986 Constance Mellon alichapisha uchunguzi wa maandishi ya wanafunzi 6,000 hivi wa chuo kikuu kimoja cha kusini mwa Marekani. Kati ya asilimia 75 na 85 walieleza mwanzo wa utafiti wao maktabani kwa maneno ya woga. Walidhani wenzao wote wanajua la kufanya, hivyo waliona aibu kuuliza. Carol Kuhlthau naye alionyesha kwamba mashaka huongezeka katikati ya utafutaji, mtu anapokutana na maandishi yanayopingana, kabla ya mada kueleweka. Mwanafunzi anayejiona amepotea katika wiki ya pili kwa kawaida yuko palepale anapotakiwa kuwa.

Kutafuta na kupima

Mfano mzuri ni Vita vya Maji Maji (1905-1907) katika Tanzania ya leo. Anayeandika "vita vya Maji Maji" peke yake katika katalogi atapata vitabu vichache tu, kwa sababu waandishi wengi wa Kiingereza waliyaita matukio hayo "rebellion" au "uprising", na Wajerumani "Aufstand", yaani uasi. Mkutubi humfundisha kuorodhesha majina yote hayo, kuyaunganisha kwa neno OR, na kufunga fungu la maneno ndani ya alama za mtajo. Humwonyesha pia namba za Dewey: historia ya Tanzania iko 967.8, na kupitisha macho kwenye rafu hiyo mara nyingi huleta kitabu ambacho katalogi haikukitaja.

Kisha linakuja swali la nani aaminiwe. Gustav Adolf von Götzen, gavana aliyezima vita hivyo, alichapisha kitabu juu yake mwaka 1909. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia mjini Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya wazee. Gavana alijua amri zake na hesabu za askari wake. Wazee walijua dawa ya maji ilivyofika kijijini na njaa iliyofuata. Hakuna anayetosha peke yake, na tarehe ya kuchapishwa haimalizi ubishi.

Mwaka 2000 Chama cha Maktaba za Vyuo na za Utafiti cha Marekani (ACRL) kilitoa viwango vilivyoorodhesha stadi mojamoja. Mwaka 2016 kilipitisha rasmi mwongozo mwingine wenye mawazo makuu sita, likiwemo hilo kwamba mamlaka ya chanzo hutegemea muktadha wa swali.

Upatikanaji

Majarida mengi ya kitaaluma hulipiwa. Wanafunzi wengi, wakidaiwa malipo kwenye tovuti ya jarida, huacha makala hiyo bila kujua kwamba huenda chuo chao kimeshailipia na inafunguka kwa mtandao wa chuo au kwa akaunti ya maktaba. Nchi za kipato cha chini husaidiwa na mpango wa Research4Life, ulioanza mwaka 2002 kwa majarida ya tiba. Penye wanafunzi wengi na kompyuta chache, kujua jambo hili tu kunaweza kuamua tasnifu itasimama juu ya nini.

Marejeo

Sehemu ya mwisho ya mafunzo huhusu kutaja vyanzo na kuepuka wizi wa kitaaluma. Programu ya bure ya Zotero, iliyotoka mwaka 2006, hutunza marejeo na kuyapanga. Siku hizi wakutubi hutahadharisha pia kuhusu programu za akili bandia, ambazo huweza kubuni makala yenye jina la mwandishi halisi na jarida halisi, lakini isiyokuwepo. Kila rejea ya namna hiyo hutafutwa kwanza katika katalogi au kwenye tovuti ya jarida, isipoonekana, huondolewa.