Dorothy wa Bango ni wa Nani?

Ukitaka kujua picha ya zamani ya Hollywood ni mali ya nani, usianzie usoni pa nyota. Igeuze uangalie mgongo. Huko, ama pembeni mwa picha, ndiko studio ilipaswa kuweka herufi C ndani ya duara na jina la mwenye hakimiliki. Sheria ya Marekani ya 1909 haikuwa na huruma: ukichapisha kazi bila tangazo hilo, umewapa watu wote.

Na studio zilizigawa tu. Filamu ikiwa bado inapigwa, waigizaji walipangwa na mavazi yao, wakapigwa picha, zikatumwa magazetini na kwenye kumbi za sinema. Lengo lilikuwa zisambae. Nani angejali vipicha vya matangazo? Mali ilikuwa filamu yenyewe. Hiyo waliisajili, na miaka 28 ilipokaribia kuisha wakahuisha hakimiliki yake.

Kisha ikaja kampuni moja, AVELA, iliyokusanya mabango na picha za matangazo ya The Wizard of Oz na Gone with the Wind, zote za 1939, ikawa inauza ruhusa ya kuzichapa kwenye fulana na vitu vingine. Warner Bros., wamiliki wa filamu hizo siku hizi, wakashtaki 2006. Walijitetea ati picha zilienda kwa kumbi tu, si kwa umma. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 8 ikakataa: picha ni za umma.

AVELA wakasherehekea? Wapi! Dorothy wa bango ni wa bure, lakini Dorothy anayetembea na kuongea, mwenye tabia tunayoijua, ni wa filamu. Chapa picha moja jinsi ilivyo, uko sawa. Ukimkata ukamchanganya na picha nyingine, ukimwongezea maneno ama ukamchonga kinyago, hapo umeingia shamba la watu. Mwishowe walitozwa dola 10,000 kwa kila kazi, na kazi zilikuwa 257. Piga hesabu.

Hiyo ni hakimiliki. Sura ya mtu ni kesi nyingine. Waliorithi jina la Marilyn Monroe walidai California, inayolinda sura za marehemu, ndiyo iliyokuwa makao yake. Kumbe baada ya kifo chake 1962 wasimamizi wa mirathi walishasema makao yake ni New York, wakakwepa kodi ya California. Mwaka 2012 mahakama ikawafungia mlango. Mimi nilicheka.

Sasa wewe unayechapa fulana hapa Nairobi, usibebe hukumu ya Marekani mzimamzima. Sheria yetu ya 2001 haiulizi kuhusu ile C. Inahesabu miaka 50 tangu picha ilipopigwa, ilipotolewa kwa umma ama ilipochapishwa, ile tarehe ya mwisho kabisa.

Kinachonikera ni hifadhi za picha mtandaoni zinazouza leseni hata za picha ambazo zimeshakuwa za wote. Mwaka 1999, katika kesi ya Bridgeman dhidi ya Corel, mahakama ya New York ilisema nakala aminifu ya kazi ya umma haizai hakimiliki mpya. Lakini bei bado ziko pale, na mhariri mwenye haraka hulipa tu.