Kete, Mizani na Darasa: Mtoto kama Mtungaji wa Somo katika Shinyanga na Geita

Katika makala hii tunakusudia kuchunguza jambo ambalo makada wengi hulipuuza kwa kuliona la kitoto, nalo ni michezo ya kujifunzia inayotungwa na kutengenezwa na wanafunzi wenyewe katika shule za msingi. Siku hizi jambo hilo huletwa kwenye semina kana kwamba limegunduliwa juzi, tena na wageni. Swali letu si kama mtoto acheze darasani au asicheze. Twauliza ni nani anayeutunga mchezo, kanuni zake ni za nani, na zinamzoeza mtoto kuishi katika mahusiano gani ya uzalishaji.

Yatupasa tuanze kabla ya kuja kwa shule. Mtoto wa Kisukuma aliyechunga ng'ombe hakununuliwa mchezo. Alichimba mashimo ardhini, akaokota kokoto au mbegu, akacheza isolo, ndugu wa bao linalochezwa pwani. Katika bao la Kiswahili mna mashimo 32 na kete 64, na mchezaji asiyeweza kuhesabu kichwani kete zake zitaishia wapi huliwa mapema. (Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mpenzi wa bao, wala hakuna aliyesema kwamba bao lilimpotezea muda.) Hatusemi haya ili kuitukuza jamii ya kale. Jamii hiyo ilikuwa na watemi wake na watwana wake, na mengi ndani yake yalimkandamiza mtoto wa kike. Tunachosema ni kwamba chombo cha kujifunzia kilikuwa mali ya mtoto aliyekitengeneza, na kanuni aliijua kwa sababu aliibishania.

Shule ya kikoloni ilivunja uhusiano huo. Mchezo ulipelekwa uwanjani, ukapewa filimbi. Darasani pakabaki kukariri. Mkoloni alihitaji karani wa kunakili, na karani wa kunakili haulizwi kanuni imetoka wapi.

Hapa ndipo historia ya pamba inapoingia, na msomaji asidhani tumepotea njia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukumani walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi wa pamba. Hawakuanza kwa hotuba. Walianza kwa kuweka wapimaji wao wenyewe kando ya mizani, watu waliojua kusoma namba, ili uzito ambao mkulima hakuweza kuusoma usomwe na mtu wa upande wake. Kutokana na harakati hizo, zilizoongozwa na akina Paul Bomani, ukazaliwa mwaka 1955 muungano mkubwa wa vyama vya ushirika uliojulikana kwa herufi VFCU. Kwa hiyo katika nchi hii ya Shinyanga na Mwanza hesabu haikuwa somo tu. Ilikuwa silaha ya mnyonge. Ni kweli pia kwamba baadaye mpimaji naye aliweza kugeuka. Tume ya mwaka 1966 ilikuta uozo mwingi katika ushirika nchini, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Tutalirudia jambo hilo.

Ilipotolewa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, iliagiza mambo mawili ambayo sisi makada tuliyagawa vibaya. Moja ni kwamba shule iwe jumuiya inayozalisha. La pili ni kwamba wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shule yao, wajenge akili ya kuhoji. Tulilichukua la kwanza, tena kwa jembe tu, tukaliacha la pili. Mwanafunzi alilima pamba ya shule bila kujua bei wala matumizi ya fedha yake, kisha tukaandika katika taarifa kwamba kujitegemea kunatekelezwa. Huko si kujitegemea. Ni kibarua kisicho na mshahara.

Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974 ilibidi watoto wote wenye umri wa kwenda shule waingie darasani ifikapo mwaka 1977. Vijana wapatao 40,000 waliomaliza darasa la saba wakaandaliwa kuwa walimu vijijini, na kufikia mwaka 1980 wanafunzi wa shule za msingi walizidi milioni 3. Hayo ni mafanikio ambayo nchi tajiri kuliko yetu hazikuyapata. Lakini vitabu havikutosha, na Shinyanga ilikuwa imetoka tu katika operesheni ya kuhamia vijijini ya mwaka 1974. Madarasa mengine yalikuwa chini ya mti. Katika dhiki hiyo zikashamiri zana za kienyeji. Kila mtoto wa darasa la kwanza aliagizwa alete vijiti na visoda vya kuhesabia.

Tuvitazame visoda hivyo kwa makini, maana vina siri. Mtoto aliviokota, akavitoboa, akavitunga kwenye kamba. Kisha mwalimu akavipokea na kuamua vitatumikaje, na mtoto akaambiwa ahesabu moja mpaka kumi. Yaani mtoto alipeleka malighafi, na somo likatengenezwa kwingine na kurudishwa kwake likiwa tayari. Ndivyo pamba yetu ilivyokwenda Lancashire ikarudi shati. Tuliupinga utaratibu huo katika biashara ya dunia, nasi tukauendesha kila asubuhi ndani ya darasa, na mtihani wa darasa la saba ukaulinda, kwa kuwa mtihani huuliza jibu wala hauulizi kanuni.

Leo swali hili lina ukali wake wa pekee katika ukanda wa dhahabu. Mgodi wa Geita, uliofungwa mwaka 1966, ulifunguliwa upya mwaka 2000 kwa mitaji mikubwa ya nje. Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001. Pembeni mwake wapo wachimbaji wadogo, na pamoja nao watoto. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2013 ilieleza habari za watoto, wengine wa miaka minane tu, waliofanya kazi katika machimbo madogo ya Geita, Kahama na Chunya, wakishika zebaki kwa mikono mitupu, ingawa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza. Mtoto huyo hatoroki shule kwa uvivu. Machimboni anaona hesabu yenye maana, ambapo gramu ni chakula. Darasani anaona hesabu ya mtu anayeitwa Juma mwenye machungwa 12.

Mtaala wa kusoma, kuandika na kuhesabu ulioanza mwaka 2015 kwa madarasa ya chini umerudisha michezo darasani, na hiyo ni hatua. Mkoani Tanga, kuanzia mwaka 2017, majaribio ya kimataifa yaligawa vishikwambi vyenye michezo ya Kiswahili katika vijiji karibu 170, na watoto walijifunza. Hatukibezi kishikwambi. Lakini mtoto aliyekishika hakuweza kubadili kanuni hata moja ya mchezo ule.

Sasa tueleze tulichokiona katika shule moja karibu na machimbo, Mkoa wa Geita. Wanafunzi wa darasa la tano walikuwa wakiwatengenezea wenzao mchezo wa desimali. Walikata mfuko wa saruji, wakachora njia yenye vyumba 40 kutoka duarani, kupitia kwenye karasha na mwaloni, hadi sokoni. Dadu ilikuwa ya udongo uliokaushwa, kete zikawa visoda. Kanuni yao ya kwanza ilikuwa kwamba pointi 10 ni gramu 1, na hivyo pointi 3 huandikwa 0.3, mwalimu alitwambia kwamba desimali alizozifundisha wiki tatu bila kueleweka zilikaa siku hiyo.

Ubishi ulianza sokoni. Je, mnunuzi akikosea hesabu kwa makusudi na muuzaji asigundue? Mvulana mmoja akasema asiyeona ameliwa, kama kwenye bao. Msichana aliyekuwa akichora akakataa: aliyepunja arudishe mara mbili, hata kama amegunduliwa na mtu mwingine. Mwalimu alitaka kuamua, akajizuia. Tunakiri kwamba sisi ndio tuliokaribia kuharibu, maana tayari tulikuwa tumefungua mdomo kutoa mhadhara juu ya unyonyaji.

Walihitimisha kwa kumweka mchezaji wa tatu, wakamwita mpimaji, kazi yake kusimama kando ya kila mauzo na kuisoma hesabu kwa sauti. Hakuna mtoto darasani mle aliyewahi kusikia habari za wapimaji wa pamba. Mchezo ukaendelea vizuri kwa mizunguko miwili. Katika mzunguko wa tatu mpimaji alionekana akipokea kisoda kutoka kwa mnunuzi chini ya dawati. Kengele ilipolia walikuwa wamesimama wote, wakibishana kama mpimaji achaguliwe upya kila mzunguko au alipwe na wachezaji wote kwa pamoja, na mfuko wa saruji ukakunjwa hivyo hivyo, chumba cha sokoni kikiwa kimefutwa kwa raba mara mbili.